Barua ya wazi: Tunaomba chumba cha kusikilizia muziki pale Makumbusho ya Azimio

Kwa:
Mkurugenzi Mkuu, Makumbusho ya Taifa la Tanzania
Mkurugenzi Mkuu, Shirika la Utangazaji Tanzania (TBC)
Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA)
Mstahiki Meya na Mkurugenzi wa Jiji la Arusha

YAH: KUTUNZA NYIMBO NA MAJINA YA WANAMUZIKI WALIOTANGULIA MBELE YA HAKI

Waheshimiwa, salaam.

Mwaka 1970 Wilson na George Kinyonga, ndugu wa damu kutoka Tanga, waliiacha Jamhuri Jazz wakaja Arusha. Hapa wakaunda bendi wakaiita Arusha Jazz. Hawakukaa sana. Muda si mrefu walishavuka mpaka, na huko Kenya bendi yao ikawa Simba Wanyika, ambayo mashabiki wake hawajaisha mpaka leo. George alifariki mwaka 1992, Wilson akamfuata mwaka 1995, na bendi ikaishia hapo. Mimi ni mtu wa Arusha, na katika kuzunguka kwangu kote mjini sijawahi kuona kibao, picha ya ukutani wala kichochoro chenye jina la Kinyonga. Kijana wa Ngarenaro anayejifunza gita leo hana wa kumwambia kwamba lile gita la Simba Wanyika analoliiga kutoka kwenye simu lilianza safari katika mji wake.

Ndugu hao wawili angalau majina yao yanajulikana. Barua hii naiandika zaidi kwa ajili ya wale waliosimama nyuma yao jukwaani: mpiga besi, mpiga tumba, wapuliza saksafoni, waitikiaji. Wengi wao wamekufa, na waliobaki ni wazee sana.

Ombi lenyewe nalitaja mapema ili msisome mkijiuliza nataka nini. Tunaomba chumba kimoja ndani ya Makumbusho ya Azimio la Arusha, pale Kaloleni, kiwe mahali pa kusikilizia muziki wa zamani wa kanda hii ya kaskazini na pa kuandikia majina ya waliouimba na kuupiga. Tunaomba TBC ilete nakala za nyimbo. Tunaomba COSOTA itusaidie ziletwe kwa njia ya halali, warithi wasidhulumiwe. Na tunaomba Jiji lilipie umeme, usafi na kijana mmoja wa kukikalia chumba hicho.

Sasa nieleze kwa nini majina.

Nendeni kwenye kibanda chochote cha kurushia nyimbo, iwe Kilombero au stendi ya Moshi mjini, mpeni kijana flashi mwambie akuwekee zilipendwa. Mtaondoka na nyimbo mia mbili kwa bei ya soda. Fungueni sasa muone zilivyoandikwa: "Track 07", "Zilipendwa mix", "Old is gold 3". Wimbo upo, sauti iko safi, lakini aliyeimba hayupo. Dereva anaupiga kwenye gari lake kutwa, abiria wanaitikia kiitikio, wakishuka hakuna anayejua walikuwa wanaimba na nani. Simlaumu kijana wa kibandani. Alipoupata wimbo ulikuwa umeshavuliwa jina kitambo.

Hata zamani majina yalikuwa machache. Santuri iliandikwa jina la bendi, jina la wimbo na jina la mtunzi, basi. Chukueni "Sina Makosa" wa Les Wanyika, wimbo unaopigwa kwenye harusi, kwenye kipaimara, kwenye sherehe za kustaafu, na bibi na mjukuu wote wanaujua neno kwa neno. Les Wanyika walijitenga na Simba Wanyika mwaka 1978. Lile gita la ridhimu linalotembea chini ya wimbo kuanzia mwanzo hadi mwisho, ambalo bila hilo wimbo ungeanguka, ni la Omari Shabani, aliyefariki mwaka 1998. John Ngereza, mwimbaji wao, alifariki mwaka 2000. Muulizeni MC wa harusi yoyote Arusha amtaje Omari Shabani. Nimewauliza wengi. Wananiambia, "Hao si Wakenya?" Kumbe ni Watanzania waliokwenda kutafutia riziki Nairobi.

Moshi nako kuna mtu ambaye ningependa kila mtoto wa shule wa Kilimanjaro amjue. Frank Humplick alizaliwa Moshi mwaka 1927, baba Mzungu na mama Mchaga, na aliimba pamoja na dada zake wawili, Thecla na Regina. Santuri zao zilisikilizwa Afrika Mashariki nzima miaka ya 1950, gramafoni za kuzungusha kwa mkono zikiwa bado fahari ya sebule. Alikuwa na wimbo wa siasa uliopendwa na wana-TANU hadi serikali ya mkoloni ikaupiga marufuku. Fikirini: mtu na gita lake na dada zake, na serikali yenye polisi na magereza ikamwogopa. Alifariki mwaka 2007, taifa likiwa na miaka zaidi ya arobaini ya uhuru. Mashujaa wetu wengi wa kudai uhuru wana barabara zenye majina yao. Yeye na dada zake wanakumbukwa na wapenzi wa santuri na wanahistoria wachache.

Wala sisemi habari za wazee tu. Kundi la X-Plastaz lilianzia hapa Arusha mwaka 1996, likachanganya hip hop na uimbaji wa Kimasai, likazunguka Ulaya wakati wengi wetu hatujawahi kupanda hata ndege. Faza Nelly wa kundi hilo alifariki mwaka 2006 akiwa bado kijana. Abel Loshilaa Motika, Mr. Ebbo, aliyechana kwa lafudhi ya Kimasai na nchi nzima ikatulia kumsikiliza, alifariki Desemba 2011. Vijana waliozaliwa baada ya hapo sasa wako sekondari. Fanuel Sedekia, mwimbaji wa injili wa Arusha, alifia Israel, mbali na nyumbani. Hawa watatu kila mmoja ana watu wake wanaomlilia, lakini watu hao hawajawahi kukaa chumba kimoja wakasikilizana. Mwana-hip hop hajui Sedekia, mwanakwaya hajui Faza Nelly, na mpenzi wa dansi anadhani wote wawili hawamhusu. Chumba ninachokiomba kiwe cha wote.

Jumapili mchana tuna kawaida, wazee kadhaa na vijana wachache, ya kukutana kwenye kibanda cha fundi redio mmoja wa hapa mjini. Kila mtu anakuja na wimbo mmoja anaoupenda. Unapigwa mwanzo mpaka mwisho, hakuna kuongea, kisha aliyeuleta anaeleza kwa nini kaupenda na anachokijua kuhusu walioupiga. Siku moja ilitolewa santuri ndogo, karatasi yake ya katikati imeliwa na mende, limebaki neno "Jazz" na herufi tatu za mtunzi. Fundi akaipuliza, akaifuta kwa pamba kufuata mzunguko wa mistari, akaweka sarafu juu ya kichwa cha sindano isiruke. Wimbo ukaenda. Saksafoni ilipokaribia kuingia, mzee mmoja, dereva mstaafu wa malori, akanyoosha kidole akasema, "Msikilizeni anavyovuta pumzi." Akataja jina la mpulizaji, akataja na mtaa aliokuwa akiishi. Fundi akarudisha sindano nyuma. Kweli: nusu sekunde kabla ya saksafoni, chini ya mikwaruzo, mtu anavuta pumzi. Vijana wakaomba irudiwe tena na tena. Kwangu mimi hakuna picha ya marehemu iliyo hai kuliko ile.

Jina lake silitaji hapa kwa sababu ndugu zake hatujawapata tukawaomba ruhusa. Lipo kwenye daftari letu. Yule dereva naye tumeshamzika. Kwenye sanduku la fundi zimebaki santuri nyingine ambazo karatasi zake zimeliwa vilevile, na sasa hakuna wa kutuambia ni nani anapuliza.

Ndiyo maana nasema jambo hili lina haraka. Nyimbo zikipotea Arusha zinaweza kupatikana Nairobi, au hata Makhanda kule Afrika ya Kusini, ambako maktaba ya Hugh Tracey inatunza muziki aliourekodi Tanganyika miaka ya 1950. Lakini aliyemjua mpuliza saksafoni kwa pumzi yake hana nakala popote.

Kwa nini pale Kaloleni? Waheshimiwa wa Makumbusho mnajua kuliko mimi kwamba jengo lile lilikuwa ukumbi wa jamii kabla halijawa makumbusho. Kumbi za jamii za miji yetu ndizo zilizolea dansi. Wazee wa Dar es Salaam watawaambia habari za ukumbi wa Arnautoglu. Halafu Januari 1967 Halmashauri Kuu ya TANU ikakaa ndani ya ukumbi ule wa Kaloleni ikapitisha Azimio la Ujamaa na Kujitegemea. Kilichofuata kwenye muziki wetu kinatoka moja kwa moja humo. Mashirika ya umma yakawa na bendi: Urafiki Jazz ikawa ya kiwanda cha nguo, Bima Lee ya Shirika la Bima, Mlimani Park ya DDC, Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam. Mwanamuziki akawa mfanyakazi, anapokea mshahara, na gita analopiga ni mali ya mwajiri. Mashirika yalipoanza kuyumba na kufa, bendi nyingi zilikwenda nayo, vyombo vikafungiwa stoo, na wapigaji wakarudi kwao bila chochote mkononi. Huwezi kuwaeleza wageni habari za Azimio ukaacha muziki uliozaliwa nalo. Mtu anaingia pale anaona picha za viongozi na nyaraka. Anastahili kusikia pia nchi ile ilikuwa na sauti gani Jumamosi usiku.

Hatua chache kutoka hapo upo uwanja wa mpira unaoitwa Sheikh Amri Abeid. Alikuwa mwanasiasa na waziri, lakini alikuwa pia mshairi, tena bingwa, na alifariki mwaka 1964. Kwa hiyo mji huu ulishaonyesha kwamba unaweza kuliweka jina la mtu wa sanaa mahali ambapo maelfu wanalitamka kila wiki. Hatuombi kitu kigeni.

Na kutunza sauti tunajua. Lakilaki, nje kidogo ya mji, Umoja wa Mataifa unatunza kumbukumbu za ile Mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, zikiwemo rekodi za sauti na picha za kesi, kwenye vyumba vyenye ubaridi na ukavu unaopimwa. Wapo Watanzania waliofanya kazi humo, wanajua jinsi ya kuhamisha sauti kutoka kwenye mkanda kwenda kwenye kompyuta na jinsi ya kuandika maelezo yake ili mtu wa miaka hamsini ijayo aelewe anasikiliza nini. Naliheshimu jambo lile, maana sauti za mashahidi wale hazipaswi kupotea hata moja. Ninachosema ni kwamba ujuzi upo mlangoni. Makumbusho na Jiji waende wakaombe ushauri, hata mafunzo ya wiki moja.

Kwa TBC nina maneno ya heshima na ya kusihi. Miaka ya 1970 nchi yetu haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri, zikichapwa Kenya. Mpaka wetu na Kenya ulipofungwa mwaka 1977 njia hiyo nayo ikaziba, na hata kabla ya hapo bendi nyingi za mikoani hazikuwahi kutoa santuri. Studio iliyobaki ilikuwa ya Radio Tanzania Dar es Salaam, Barabara ya Pugu. Bendi ilisafiri kutoka mkoani, ikalala kwa jamaa, ikaingia studio, ikarekodi nyimbo zake na kuondoka. Kwa bendi nyingi huo utepe mmoja ndio kitu pekee kilichobaki duniani. Mmeutunza, na kama msingeutunza leo tusingekuwa na cha kuombea. Lakini utepe wa sumaku una umri wake. Gundi inayoushika ule unga wa sumaku inanyonya unyevu wa hewa, utepe unaanza kunata kwenye kichwa cha mashine, na ukilazimisha kuupiga, sauti inabanduka pamoja na unga. Dar es Salaam ni mji wa joto na unyevu. Kila nakala inayopelekwa mahali pengine ni bima.

Tunachowaomba TBC ni nakala za kidijitali za bendi na kwaya za Arusha, Kilimanjaro, Manyara na Tanga, pamoja na picha ya boksi la kila utepe na karatasi iliyomo ndani. Msiache karatasi. Fundi mitambo wa siku hiyo huenda aliandika kwa kalamu tarehe, idadi ya nyimbo, pengine na majina ya waliokuwepo. Kwetu sisi maandishi hayo yana thamani sawa na wimbo. Na kwa kuwa Moshi ndiko ilikoanzia redio ya Sauti ya Injili ya KKKT, Kanisa la Kilutheri, naamini kanisa nalo likiombwa vizuri litafungua kabati lake la kwaya.

COSOTA, ninyi nawaandikia nikijua kuna watu watasema chumba hiki kitaiba kazi za watu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi ya mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kwa hesabu hiyo tungo za Wilson Kinyonga zina wenyewe hadi 2045, za Mr. Ebbo hadi 2061. Warithi wangapi wanajua hivyo? Mjane aliyeko Daraja Mbili au Majengo, Moshi, anasikia sauti ya marehemu mumewe kwenye redio ya jirani na hajui kwamba ana haki ya kuuliza. Chumba hiki kinaweza kuwa dawati lenu la kuwafikia. Watu watakuja kusikiliza, watasema "huyu ni baba yangu", na papo hapo fomu iwepo ya kuandikisha kazi na mrithi. Ndani ya chumba nyimbo zisikilizwe tu, zisinakiliwe. Anayetaka nakala aelekezwe kwa mwenye haki.

Vifaa havihitaji fedha za kutisha: kompyuta moja, diski mbili za kuhifadhia na moja ikae jengo jingine, spika nzuri, hedifoni za kutosha watu kumi, kinasa sauti, viti. Daftari kubwa la karatasi pia, la kuandika kwa mkono, maana wazee wetu wanapenda kuona jina linaandikwa mbele ya macho yao.

Ila zaidi ya vifaa, naomba jioni moja kila mwezi mlango uwe wazi kwa mtu yeyote kuja na wimbo wake mmoja. Mama muuza ndizi wa Soko Kuu aje na wimbo aliochumbiwa nao. Bodaboda aje na mstari wa Faza Nelly anaoujua kwa kichwa. Mwalimu wa kwaya aje na sauti ya nne ya besi iliyoimbwa na marehemu fulani wa usharika wake. Upigwe, watu wanyamaze, kisha aulizwe: nani anaimba, nani anapiga, alizaliwa wapi, amezikwa wapi, nani wa kwake yupo hai. Kinasa sauti kiwe kinafanya kazi. Tunavyofanya kwa fundi redio ndivyo hivyo, na tumeona matunda yake. Watu wanakumbuka zaidi wakisikiliza pamoja kuliko ukiwafuata nyumbani na karatasi ya maswali. Mmoja akitaja bendi, wa pili anataja mpiga dramu, wa tatu anakumbuka kwamba mpiga dramu alikuwa na mdogo wake aliyepiga tumba. Kibanda chetu kinachukua watu wanane kwa kubanana, na mvua ikinyesha tunazima mashine kwa sababu bati linavuja juu ya waya.

Tarehe 5 Februari 2027 Azimio la Arusha linatimiza miaka 60 tangu litangazwe. Mwaka huohuo nchi yetu, pamoja na Kenya na Uganda, inaandaa AFCON, na wageni watafika Arusha. Najua mipango ya mwaka kama huo inakuwa mingi, mabango na mapambo yatagharimu fedha. Naomba chumba hiki kiingizwe kwenye bajeti kabla ya mapambo, na kifunguliwe wiki hiyo ya Februari. Kama haiwezekani kukianza kikamilifu, kianze na meza moja, hedifoni mbili na nyimbo mtakazokuwa mmeshazipata.

Sisi upande wetu tuna cha kuleta. Daftari letu la majina tutalikabidhi kwa Makumbusho, na tutaendelea kulijaza. Fundi amekubali sanduku lake la santuri linakiliwe, kwa sharti kwamba yeye mwenyewe ndiye atakayeshika sindano. Wapo wapiga gita wawili wastaafu, mmoja Sanawari na mwingine Moshi, walio tayari kukaa na kijana wenu na kutaja kila wanayemkumbuka. Wote wawili afya zao si nzuri, kwa hiyo hao naomba waanze kurekodiwa mwezi huu, hata kama chumba bado, hata kwa simu ya mkononi. Mtu wenu akifika ofisi ya Makumbusho akasema siku, sisi tutawaleta.

Wenu katika kupenda muziki,

Msikilizaji wa Jumapili
Kaloleni, Arusha